Umeme wa Nyumba za Magurudumu: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kila mwaka unapoingia mwezi Juni, baridi inapotanda juu ya miji ya kusini mwa Australia kama vile Melbourne na Adelaide, barabara kuu za nchi hiyo hupita msafara wa namna ya pekee. Wasafiri wake wengi ni wazee waliokwisha kustaafu, mume na mke, na wenyeji wamezoea kuwaita wahamaji wenye mvi. Nyuma ya gari lao hukokotwa nyumba ndogo ya magurudumu iitwayo karavani, ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, meza na jokofu. Wazee hao hulifuata joto la kaskazini, wakakaa huko miezi miwili mitatu, kisha hurejea makwao majira yanapogeuka.

Nchi wanayoipita si ndogo. Barabara ya Stuart, itokayo Port Augusta upande wa kusini hadi Darwin upande wa kaskazini, ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,700. Barabara ya Eyre, ivukayo uwanda mkavu wa Nullarbor, ina kipande kimoja kilichonyooka kama uzi kwa kilomita zipatazo 146 bila kona hata moja. Ile ya Gibb River, katika eneo la Kimberley, ina kilomita 660 hivi, na sehemu yake kubwa ni changarawe na udongo. Katika safari kama hiyo mtu aweza kulala siku tatu au nne asione hata nguzo moja ya umeme. Basi ni haki kuuliza: huyo aliyelala nyikani, taa yake inawaka kwa nguvu gani, na jokofu lake linapoa kwa nguvu ipi?

Jibu ni fupi. Nguvu hiyo ni jua, na ghala lake ni betri. Lakini wako wasafiri wengi waliotumia fedha nyingi kununua betri mpya na paneli mpya za sola, na bado usiku wa tatu wakakaa gizani. Mazungumzo ya leo yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na ni kwa utaratibu gani umeme wa karavani huongezwa ukafaa. Ingawa habari yenyewe inatoka mbali, msikilizaji wa nchi za Maziwa Makuu ataona mwishoni kwamba inamhusu zaidi kuliko inavyomhusu mzee yule wa Melbourne.

Nyumba za kukokotwa si jambo jipya. Mwaka 1885 daktari na mwandishi mmoja wa Uingereza, William Gordon Stables, aliundiwa gari la namna hiyo, likakokotwa na farasi wawili, naye akaliita The Wanderer. Msafiri wa zama hizo alihitaji taa ya mafuta na maji ya kunywa tu. Msafiri wa leo amebeba nyumba nzima. Ana jokofu, pampu ya maji, feni, simu, redio, na mara nyingine mashine ya kumsaidia kuvuta pumzi akiwa usingizini. Wengine ni wagonjwa wa kisukari, na dawa yao ya insulini, kabla haijafunguliwa, hutakiwa kutunzwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Insulini iliyounguzwa na joto hupoteza nguvu zake, na mara nyingi jicho haliwezi kuona tofauti. Kwa mtu kama huyo, aliye umbali wa siku nzima kutoka hospitali, betri iliyozimika usiku inaweza kumgharimu maisha.

Karavani nyingi za kawaida hutoka kiwandani zikiwa na betri moja ya ampea-saa 100 na paneli moja ya sola ya wati 150 au karibu yake. Vifaa hivyo vinatosha kwa taa na pampu ya maji. Havikukusudiwa kubeba mzigo wa nyumba nzima. Msafiri anapoona umeme wake unakatika, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kukimbilia dukani. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu ananunua dawa kabla hajajua ugonjwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa betri ni mali kama fedha iliyomo mfukoni, na daftari lake ni hesabu ya matumizi ya siku moja.

Hesabu hiyo si ngumu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Mtu huzizidisha wati hizo kwa saa ambazo chombo kinafanya kazi, akapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ndizo zinazofanya uniti moja, ile ile ambayo mtu wa mjini hulipia. Tuseme jokofu dogo la volti 12, katika siku ya joto, linatumia wati-saa 500. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano zinatumia 100. Pampu ya maji ya wati 60, ikifanya kazi kwa jumla ya nusu saa, inatumia 30. Simu mbili zinahitaji 30 nyingine. Feni ya wati 20 ikizunguka saa nane inatumia 160. Mashine ya pumzi ya wati 30, kwa saa nane za usingizi, inatumia 240. Jumla yake ni wati-saa 1,060 kwa siku.

Sasa na tuitazame akiba. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini ikiwa ni betri ya zamani ya risasi na asidi, mwenyewe hatakiwi kutumia zaidi ya nusu, yaani 600, kwa sababu betri ya namna hiyo ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Paneli ya wati 150 nayo, ikipata saa tano za jua kamili, haitoi wati 150 mara tano. Vumbi, joto, pembe ya jua na upotevu wa njiani hupunguza robo nzima au zaidi. Yanayofika kwenye betri ni kama wati-saa 560.

Hesabu imekwisha kujieleza. Kila siku zinaingia 560, zinatoka 1,060. Upungufu ni 500. Betri iliyoanza safari ikiwa imejaa 1,200, jioni ya siku ya kwanza ina 700. Siku ya pili inavuka mpaka wa nusu na kubaki na 200. Siku ya tatu inazima. Wala mtu hakuibiwa, wala kifaa hakikuharibika. Ni chovya chovya tu iliyomaliza buyu la asali.

Mwenye daftari kama hilo mkononi anaweza sasa kuzungumza juu ya kuongeza. Na jambo la kwanza la kuongeza halinunuliwi dukani, bali ni kupunguza. Kila wati-saa moja isiyotumika ni wati-saa isiyohitaji paneli, waya wala betri. Taa za zamani zenye waya wa moto hubadilishwa kwa taa za LED, ambazo kwa mwanga ule ule hutumia sehemu ndogo tu ya umeme. Kupika na kuchemsha maji huachiwa gesi. Jokofu huwekewa nafasi ya hewa nyuma yake ili joto litoke, mlango wake haufunguliwi ovyo, na vyakula vya moto haviingizwi kabla ya kupoa. Jokofu ndilo mlaji mkuu, kwa hiyo anayelichunga jokofu amechunga nusu ya umeme wake.

Jambo la pili ni betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na imewatumikia wanadamu kwa uaminifu. Udhaifu wake ni uzito, na ule mpaka wa nusu uliokwisha kutajwa. Mwaka 1997 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, chini ya John Goodenough, lilitangaza kwamba fosfati ya chuma inaweza kutumiwa katika betri ya lithiamu. Goodenough alikuwa mmoja wa wataalamu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu. Kutokana na utafiti huo zilipatikana betri za lithiamu na fosfati ya chuma, na hizo ndizo zinazochukua nafasi ya risasi katika karavani nyingi leo.

Sifa zake ni nne. Kwanza, mwenyewe anaweza kutumia sehemu 80 hadi 90 katika kila 100 za akiba yake bila kuidhuru. Pili, betri ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, ilhali ile ya risasi ina kilo 30 au karibu yake. Tatu, hujazwa na kutumiwa mara elfu mbili na zaidi, na ile ya risasi kwa kawaida huhesabiwa kwa mamia. Nne, katika jamii ya betri za lithiamu, hii ndiyo mojawapo ya zilizo tulivu zaidi kwa upande wa moto, ingawa hakuna betri isiyo na hatari kabisa.

Turudi kwenye daftari. Msafiri anayetaka akiba ya siku mbili bila jua anahitaji wati-saa 2,120. Betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100 zina jumla ya wati-saa 2,560, na sehemu 90 katika 100 ya hizo ni 2,304. Zinatosha, na uzito wake ni kilo 25 hivi. Kwa betri za risasi angehitaji nne, zenye uzito wa kilo 120. Tofauti hiyo ni kubwa kwa chombo cha kukokotwa, kwani kila karavani ina mpaka wa uzito uliowekwa kwa sheria, na mzigo uliozidi huyumbisha gari, huchosha breki na kupasua matairi.

Hata hivyo betri hii ina miiko yake. Haifai kuchajiwa ikiwa yenyewe imepoa chini ya nyuzi 0, isipokuwa ile iliyotengenezwa na kipasha joto ndani yake. Huenda msikilizaji akashangaa kusikia baridi kama hiyo ikitajwa katika nchi ya jangwa, lakini usiku wa mwezi Julai katika sehemu za Alice Springs huweza kushuka chini ya kiwango hicho. Aidha, betri ya lithiamu haifai kuunganishwa pamoja na ile ya risasi kama ndugu wa kundi moja. Na ndani yake lazima iwemo bodi ya ulinzi, ambayo huikata betri inapojaa kupita kiasi, inapokauka mno, au inapopata joto la hatari. Betri ya bei ya chini iliyofungwa bodi dhaifu ni hasara iliyovaa nguo nzuri. Rahisi huvunja upishi.

Jambo la tatu ni paneli za sola. Kwa matumizi ya wati-saa 1,060 na saa tano za jua, paneli za wati 285 zingetosha kwa hesabu kavu. Lakini mwenye busara hapimi kwa siku njema peke yake. Akiweka paneli za wati 400, siku ya jua kali atapata 1,500, na ziada yake itaijaza betri iliyopungua jana. Siku ya jua la saa tatu atapata 900, na upungufu utakuwa mdogo. Hata mawingu mazito yakiruhusu saa moja tu, atapata 300, na betri zake mbili zitambeba siku tatu kabla hajalazimika kuhama au kuwasha injini. Huo ndio uhusiano wa betri na paneli. Betri huamua mtu atavumilia mawingu siku ngapi, na paneli huamua atapona upesi kiasi gani baada ya mawingu kupita. Anayeongeza betri bila kuongeza paneli amenunua mtungi mkubwa wa kukinga mfereji ule ule mdogo.

Paneli pia ina adui anayedharauliwa, naye ni kivuli. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisimama, mstari wote unachelewa. Kivuli cha tawi au cha kifuniko cha tundu la hewa juu ya paa, hata kikifunika sehemu ndogo, kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Joto nalo ni adui wa pili. Watu wengi hudhani jua likichoma zaidi paneli hufurahi, kumbe paneli hupenda mwanga na hulichukia joto. Ndiyo maana hufungwa ikiachiwa nafasi ya hewa chini yake. Wasafiri wazoefu huchukua na paneli moja ya kubebeka, yenye waya mrefu. Karavani hukaa chini ya mti ili wenyewe wapoe, na paneli hukaa uwanjani ikielekezwa kaskazini, kwa kuwa huko ndiko jua linakopita kwa watu wa kusini ya dunia.

Jambo la nne ni kidhibiti cha chaji, kile chombo kidogo kinachosimama kati ya paneli na betri. Kidhibiti cha aina ya zamani hufanya kazi kama swichi tu. Paneli yenye volti 18 ikiunganishwa na betri yenye volti 13, hulazimishwa kushuka hadi volti za betri, na zaidi ya robo ya nguvu yake huenda bure. Kidhibiti cha kisasa, kijulikanacho kama MPPT, huzigeuza zile volti za ziada kuwa ampea, na hivyo kuokoa sehemu kubwa ya kilichokuwa kikipotea. Lakini hata kidhibiti bora lazima kiambiwe kinahudumia betri ya aina gani. Betri nyingi za lithiamu za namna hii hutaka volti za kati ya 14.2 na 14.6 wakati wa kuchajiwa, kwa kufuata agizo la mtengenezaji. Kikiachwa katika mpango wa betri za risasi, kitaijaza nusunusu au kitaiumiza, na mwenyewe atailaumu betri isiyo na kosa.

Kuna pia umeme utokao kwenye gari lenyewe. Zamani waya uliunganishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri ya gari hadi kwenye betri ya karavani. Njia hiyo haifai tena. Alteneta za magari mengi mapya hushusha volti zake ili kubana mafuta, na kwa hiyo betri ya nyuma haijai. Isitoshe, betri ya lithiamu ina pupa. Ikiwa tupu huvuta ampea nyingi kwa wakati mmoja, hata alteneta ikaweza kuungua. Dawa yake ni chaja maalumu inayopokea umeme wa gari, ikaupima na kuutoa kwa volti zinazofaa na kwa kiasi kilichowekewa mpaka.

Jambo la tano ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo linalounguza nyumba. Ni nyaya na fyuzi. Birika la umeme la wati 2,000, katika nyumba ya mjini yenye volti 230, huvuta ampea 9 hivi. Birika hilo hilo likiendeshwa na betri ya volti 12 kwa njia ya inveta, ambayo ndiyo mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani, huvuta ampea zaidi ya 180 kutoka kwenye betri. Waya mwembamba ukipitishiwa mto mkubwa namna hiyo hugeuka kuwa jiko. Utayeyusha ngozi yake, utagusa mbao na godoro, na moto wa karavani hauchukui dakika nyingi. Kwa hiyo waya huchaguliwa kwa kufuata ampea na urefu wa njia, na fyuzi hufungwa karibu kabisa na betri. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na mtu anayebadilisha fyuzi iliyoungua kwa kuweka kipande cha waya amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Mwaka 2022 Australia na New Zealand zilitoa kiwango kilichorekebishwa cha ufungaji wa umeme katika magari ya kuishi, kiitwacho AS/NZS 3001.2. Pamoja na mengine, kinataka betri za lithiamu zitengwe na mahali wanapokaa na kulala watu. Katika nchi hizo, kazi ya volti za juu ni ya fundi mwenye leseni. Sheria za namna hiyo huonekana kuwa usumbufu mpaka siku ya moto.

Ndugu wasikilizaji,

Hayo ndiyo ya mzee wa Melbourne. Yeye ameuacha umeme wa gridi kwa hiari yake, kwa miezi mitatu, na siku akichoka atarudi kwenye swichi ya ukutani. Katika nchi za Maziwa Makuu wako mamilioni ya watu ambao hawakuuacha umeme wa gridi, kwa sababu haujawafikia. Mwenye duka kando ya ziwa, mkunga katika zahanati ya kijiji, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, wote wanaishi juu ya betri mwaka mzima. Wao hawana pa kurudi. Kwa hiyo hesabu ile ile ya karavani inawahusu wao kwa uzito mkubwa zaidi.

Makosa nayo ni yale yale. Mtu hununua paneli moja na betri ya gari, akaongeza televisheni, akaongeza jokofu la kuuzia soda, na baada ya miezi michache anasema sola haifai. Betri ya gari iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Bamba zake ni nyembamba, haikuundwa kulisha televisheni usiku kucha, na ikifanyishwa kazi hiyo hufa haraka. Hata katika huduma za chanjo somo hili lilipatikana kwa gharama. Majokofu mengi ya sola yaliyopelekwa katika zahanati za vijijini yalikwama kwa sababu betri zake zilichakaa na hapakuwa na za kubadilisha. Ndiyo sababu mojawapo ya kubuniwa kwa majokofu yasiyo na betri kabisa, ambayo mchana hugandisha barafu kwa nguvu ya jua, na usiku barafu hiyo huilinda chanjo.

Liko na jambo jingine linaloziunganisha nchi hizi na karavani ya nyika ya Australia. Madini ya betri yamo katika ardhi ya Afrika. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika sehemu za Kolwezi na jirani zake. Manono, katika mkoa wa Tanganyika wa nchi hiyo hiyo, kuna hazina kubwa ya lithiamu. Mahenge nchini Tanzania na Balama nchini Msumbiji kuna madini ya kinywe, ambayo hutumika katika upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu. Betri ya fosfati ya chuma iliyoelezwa leo haitumii kobalti hata chembe, na sehemu kubwa kabisa ya betri hizo hutengenezwa China. Maana yake ni kwamba soko la madini linaweza kugeuka kwa uvumbuzi wa maabara moja ya mbali, na nchi iuzayo udongo mtupu haitakuwa na la kusema. Ujuzi wa betri, kwa hiyo, si starehe ya wasafiri. Ni elimu inayostahili kufundishwa katika shule za ufundi za nchi zenye madini hayo.

Lakini hayo makubwa huanzia katika madogo. Kabla ya nchi kutengeneza betri, wananchi wake wajue kuitunza. Utaratibu wake ni ule ule, awe mtu yuko Nullarbor au yuko kando ya Ziwa Tanganyika. Aandike matumizi yake ya siku. Apunguze yasiyo ya lazima. Apime betri kwa siku za mawingu, na paneli kwa kazi ya kuijaza. Aweke kidhibiti kinachoelewana na betri. Asibane fedha katika nyaya na fyuzi. Na kama ndani ya jokofu lake kuna dawa ya mtu, alitenge fungu la jokofu hilo kwanza katika hesabu, kabla ya taa, kabla ya feni, na kabla ya redio hii inayozungumza naye.

Jua huchomoza bila malipo kwa tajiri na kwa maskini. Linalowatofautisha usiku unapoingia ni nani alifanya hesabu mchana.